USIKU WA MANZESE: NANI ANAMLINDA NANI?

MPENZI msomaji, wiki hii safu yako haikupeleki Zanzibar wala Bagamoyo. Safari yetu ni ya nauli ndogo tu. Tunapanda basi la mwendokasi mjini, mitaa ya saa mbili usiku, tunakamata Barabara ya Morogoro, tunavuka Jangwani, tunapita Magomeni, tunashuka Manzese. Kutoka hapo ni miguu yako. Tutakatiza Tandale, tutokee Sinza, na njiani tujiulize swali ambalo kila kijana wa Dar huwa nalo rohoni akichelewa kurudi nyumbani: hivi hapa nani anamlinda nani?

Vaa viatu vya kukimbilia. Natania bwana! Lakini si sana.

Pale Magomeni utapita kituo kinaitwa Usalama. Jina zuri kweli. Ila angalia abiria wenzako wakikikaribia: dada kaupakata mkoba kifuani kama mtoto mchanga, jamaa karudisha simu mfukoni na mkono kauacha humo humo. Hakuna aliyewaambia. Mji wenyewe umeshawafundisha.

MANZESE HAILALI

Haya, tumeshuka. Wasioijua Manzese hudhani ni mahali pa kuogopa kuliko pote hapa Bongo. Wakiletwa usiku wanashangaa. Barabara imejaa watu! Mitumba inauzwa kwa taa ya betri, chipsi zinakaangwa, mishikaki inafuka moshi, bodaboda wamepanga pikipiki zao msururu, spika za baa zinashindana. Saa nne usiku hapa ni kama saa kumi jioni kwingine.

Sasa sikiliza siri ya mji. Muuza chipsi yule ni mlinzi, ingawa hana filimbi wala rungu. Anaijua sura ya kila anayepita mtaa ule, anajua nani ni mgeni, na kibaka akichomoka mbio anajua kaingia uchochoro upi. Mama lishe naye vivyo hivyo. Pakiwa na mwanga na watu wenye shughuli zao, kibaka anakosa raha.

Shida inaanza pale mwanga unapoishia. Manzese ilijengwa na wenyewe, chumba baada ya chumba, bila ramani. Miaka ya 1970 ulikuja mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, mitaa ikapata barabara na huduma nyingine bila eneo zima kubomolewa. Lakini ndani kabisa vichochoro vilibaki vile vile, vingine vya kupita mtu mmoja kwa ubavu. Muulize mkazi yeyote, atakuonyesha kwa kidole: "Hapa pita. Pale usipite baada ya saa tatu." Ramani hiyo ya hatari huipati kwenye kituo cha polisi. Imo vichwani mwa watu.

Tukivuka kuingia Tandale utaona nina maana gani. Huko, katika mradi mkubwa wa kuboresha Dar es Salaam ulioanza mwaka 2015, zimejengwa barabara za lami zenye taa, na Mto Ng'ombe umejengewa kingo za zege. Taa ya barabarani ni silaha, washkaji. Haina mshahara, haisinzii zamu na haiombi hela ya chai. Ila ikiungua balbu, mtu akae nayo miezi sita bila kuibadilisha, silaha hiyo inahamia upande wa kibaka.

SINZA KWENYE MAGETI

Tutokee Sinza sasa. Ule mradi wa miaka ya 1970 ulioikarabati Manzese ndio huo huo uliopima viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Kwa hiyo hawa ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja kalelewa uswahilini, mwingine kajengewa ukuta.

Na ukuta upo! Juu vipande vya chupa, kwa wenye uwezo nyaya za umeme, getini mlinzi na redio yake. Barabara kubwa zina raha zake: Mori, Afrika Sana, na pale kwa Remmy, mahali palipobeba jina la marehemu Remmy Ongala, mwanamuziki aliyefariki mwaka 2010. Baa zimejaa, muziki unalia, mambo mswano. Lakini kata kona mbili tu kuingia mitaa ya ndani. Kimya. Mageti yamefungwa, na mtembea kwa miguu ni wewe peke yako. Pikipiki ikija nyuma yako taratibu, moyo unapiga kama ngoma ya mdundiko, maana unajua siku hizi mkoba unakwapuliwa pikipiki ikiwa mwendoni.

Ukipiga kelele hapa, nani atafungua geti? Huko uswahilini tulikotoka, mtaa mzima ungetoka na khanga na kandambili. Hapa jirani hamjui jirani. Gari likija mchana kweupe likapakia televisheni na friji, wapita njia watajua unahama. Wengine watasaidia kupakia!

Kwa hiyo usidanganyike na ukuta. Unamlinda aliye ndani akiwa ndani. Akitoka tu nje ya geti, anautegemea mtaa kama sisi wengine.

TULIKOTOKA

Ulinzi wa wananchi si kitu kigeni kwetu. Miaka ya mwanzo ya 1980 wezi wa mifugo waliwatesa watu wa Usukumani na Unyamwezini. Bunduki zilikuwa zimezagaa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na polisi walikuwa wachache na mbali. Wanakijiji upande wa Kahama na jirani zake wakashika pinde na mishale wakajilinda wenyewe. Wakaitwa sungusungu, kama wale wadudu weusi wanaotembea kwa safu na kuuma. Mwaka 1989 sheria ilirekebishwa, wakatambuliwa na kupewa uwezo wa kukamata. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi za Augustine Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, sungusungu wakaingia mjini, wazee wetu wakapangiwa zamu za doria usiku.

Mjini kulikuwa pia na mjumbe wa nyumba kumi, mfumo wa chama tangu miaka ya 1960. Mgeni akilala kwako, mjumbe anajua. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, mjumbe akabaki mtu wa chama kimoja, na nguvu yake kwa mtaa mzima ikapungua. Cha kuchekesha, wenzetu wa Kenya walianzisha Nyumba Kumi yao mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi. Sisi tulilegeza, wao wakaokota.

Halafu mwaka 2006, Said Mwema alipokuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, tukaanza kusikia polisi jamii na ulinzi shirikishi. Kwa maneno ya kijiweni: polisi na raia washirikiane, raia atoe taarifa mapema, mtaa uwe na vijana wake wa doria, na afande ajulikane kwa jina badala ya kuogopwa kwa buti. Miaka ya karibuni wamepelekwa pia polisi kata, afande mmoja wa kata yako ambaye kazi yake ni kukaa na watu.

USIKU WA PANYA ROAD

Mambo haya yalijaribiwa kweli kweli usiku wa Ijumaa, 2 Januari 2015. Uvumi ulipita kwenye simu kuliko upepo: Panya Road wapo Magomeni! Wapo Sinza! Wapo Mwananyamala! Kundi la vijana wenye mapanga lilikuwepo, hilo si hadithi. Lakini usiku ule Panya Road walikuwa kila mahali kwa wakati mmoja, jambo ambalo hata mwendokasi halina ubavu nalo. Maduka yalifungwa, watu wakakimbia, wengine hawakujua wanamkimbia nani. Siku zilizofuata polisi wakafanya msako na vijana wakakamatwa kwa mamia.

Septemba 2022 jina hilo likarudi, safari hii kwa machozi. Kule Kawe nyumba zilivamiwa usiku na mwanafunzi wa chuo akauawa. Mitaa ikahimizwa irudishe ulinzi shirikishi, na filimbi zikaanza kulia tena.

Hapo ndipo swali letu linapouma. Kwa sababu wewe msomaji wangu, kijana wa mjini, uko pande zote mbili. Wewe ndiye unayekwapuliwa simu ukitoka kazini. Na wewe huyo huyo, ukiwa na rasta, kofia imeinama na umetoka kumsindikiza mchumba saa sita usiku, ndiye wa kwanza kumulikwa tochi: "Wewe, unakaa wapi? Mjumbe wako nani?" Kaka zetu wakubwa wanaikumbuka Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ambapo kutokuwa na kazi mjini kulitosha kukupakiza kwenye gari la kurudishwa shamba. Doria ikikosa akili, inamkamata mtu kwa umri wake na mavazi yake, huku kibaka halisi, anayejulikana mtaa mzima, kalala kwao.

Na kuna baya kuliko hilo. Mtu akipigiwa kelele za mwizi, dakika kumi zinatosha. Magazeti, pamoja na haya yetu ya kila wiki, yana msemo wake: "aliuawa na wananchi wenye hasira kali". Tumeuandika mpaka umekuwa kama taarifa ya hali ya hewa. Ripoti za haki za binadamu nchini zinahesabu vifo hivyo kila mwaka, na kati ya waliokufa wapo ambao hawakuiba hata sindano. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu aliyemkuta akifanya uhalifu, kisha lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kuhukumu si kazi ya mtaa. Tairi na petroli si ulinzi shirikishi, ni mauaji.

NANI APANGE?

Baada ya kuzunguka kote huko, mimi nimeona kitu kimoja. Mtaa unaolindika ni ule ambao wakazi wake, vijana wakiwemo, wamekaa chini wakasema wenyewe wanaogopa nini. Afande ana orodha yake: ujambazi wa silaha, magari yaliyoibwa, dawa za kulevya. Ni sawa, ndiyo kazi yake. Lakini muulize binti anayerudi na basi la mwisho, atakuambia hofu yake ni mita mia mbili za giza kati ya kituo na kwao. Muulize muuza duka, atakutajia kundi linalokaa nyuma ya pagala. Orodha hizi mbili zisipokutana, polisi watakuwa wanalinda mji mwingine na sisi tunaishi mwingine.

Mahali pa kuzikutanisha papo: ofisi ya serikali ya mtaa, ile yenye bendera na benchi la mbao. Mwenyekiti wake amechaguliwa, mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2024. Tatizo, mkutano wa mtaa ukiitishwa wanakwenda wazee na kina mama, sisi tupo kijiweni tunajadili mpira. Halafu zamu za doria zikipangwa bila sisi tunalalamika kumulikwa tochi.

Basi mkutano ujao nenda, na uulize haya:

Kwanza, hela ya ulinzi inayochangwa kila nyumba inakwenda wapi, na daftari lake liko kwa nani?

Pili, hao vijana wa doria ni kina nani? Wanajulikana polisi, wamefundishwa, wana kitambulisho? Mwenye rungu asiyejulikana ni kibaka mwenye ruhusa.

Tatu, wakimkamata mtu wanampeleka wapi, na kwa muda gani?

Nne, taa gani haziwaki, pagala lipi halina mlango, na nani ataandika barua leo, si kesho?

Tano, polisi kata wetu ni nani, na namba yake ni ipi? Hiyo iweke kwenye simu pamoja na 112, kabla ya namba ya fundi wa nywele.

Hakuna hata swali moja hapo linalohitaji bunduki. Yanahitaji mtu wa kunyanyua mkono, na ukinyanyua wewe, kesho yake yule mzee wa tochi atakuwa anakujua kwa jina. Akikuona saa sita usiku atakuambia, "Umechelewa leo, mwanangu, pita upande huu kuna mwanga."

Haya, imetosha kwa leo, miguu inauma na chipsi zimepoa. Wiki ijayo panapo majaliwa tutavuka na pantoni kwenda Kigamboni. Ukitembea usiku tembea kwa akili, na ukimwona jirani usiyemjua, msalimie. Alamsiki!