Herufi Zinazosomwa kwa Vidole

Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Neno hilo hutajwa zaidi kuhusu adabu na sala, lakini sisi wazazi wa Kabambare tumetambua kwamba lahusu pia kusoma na kuandika. Tangu mwaka wa masomo 2019-2020, serikali iliposimamisha karo katika shule za msingi za umma, watoto wengi wameingia darasani, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Walakini madawati hayakuongezeka kwa kadiri ya watoto. Mtoto anayefika darasa la kwanza pasipo kuijua hata herufi moja hupotea upesi katika umati, na mwalimu, hata awe mwema namna gani, hawezi kumshika mkono kila mmoja. Shule za watoto wadogo ni chache, na vijijini mara nyingi hazipo kabisa. Kwa hiyo yatupasa kujiuliza: mtoto wa miaka minne aweza kupata nini nyumbani, kwa mkono wa mama na wa baba?

Swali hilo si geni. Tarehe 6 Januari 1907, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, penye wafanyakazi maskini. Akina mama wa mtaa huo, wengi wao wasiojua kusoma, walimwomba awafundishe watoto wao. Hapo awali, alipofundisha watoto wenye ulemavu wa akili, alikuwa na herufi nzuri za mbao. Safari hii hakuweza kuzipata. Akakata herufi katika karatasi ya msasa na kuzibandika juu ya karatasi laini ngumu. Kwa masimulizi yake, baada ya miezi michache watoto wa miaka minne na mitano walianza kuandika. Basi chombo kinachosifiwa leo katika shule za gharama kubwa kilizaliwa na ukosefu. Jambo hilo lilitutia moyo.

Sisi tulitengeneza herufi zetu kwa vitu vya hapa kwetu. Tulikata katoni kuukuu katika vipande vilivyolingana, vipana kuliko kiganja cha mtu mzima. Juu ya kila kipande tulichora herufi kwa makaa, nene kama kidole. Tulipika unga wa muhogo na maji mpaka ukawa gundi nzito, tukaipaka juu ya mchoro peke yake, kisha tukanyunyiza mchanga wa mtoni uliooshwa, ukakaushwa juani na kuchujwa kwa kitambaa. Baada ya siku moja tulikung'uta mchanga uliozidi. Palipobaki wazi tulirudia. Irabu tano tulizipaka rangi yake, na konsonanti rangi nyingine. Pembeni tuliweka nukta moja ya kuonyesha mahali kidole kinapoanzia, kwa maana b na d, zikikosa mwanzo, humchanganya mtoto.

Matumizi yake ni mepesi, ila yataka uvumilivu. Mtoto hunawa mikono, kisha hupitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya mchanga, akifuata njia ile ile ambayo kalamu itafuata baadaye. Wakati huo twatamka sauti ya herufi, wala si jina lake: «mmm», si «em». Hatua ni tatu. Kwanza twamwambia: hii ni m. Pili twamwuliza: m iko wapi? Tatu twaonyesha na kuuliza: hii ni nini? Asipojibu, hatumgombezi, twarudi hatua ya kwanza kesho yake. Herufi mbili au tatu zatosha kwa mara moja, na dakika kumi ni nyingi kwa umri huo.

Hatukufuata mpangilio wa a, b, c. Tulianza na m, a na b, kwa kuwa zatosha kujenga mama na baba, maneno mawili ambayo mtoto anayo kinywani tayari. Kiswahili chatusaidia sana hapa: kila irabu ina sauti moja tu, nayo haibadiliki. Kifaransa kitakuja baadaye shuleni, na hapo u itasikika vingine, na ch itatamkwa kama sh yetu. Mtoto aliyekwisha kushika lugha moja sawasawa hatishwi na mabadiliko hayo.

Jambo ambalo hatukulitazamia lilitoka kwa babu yetu mmoja. Alikuwa msomaji hodari, lakini macho yake yaliharibiwa na upofu wa mtoni, ugonjwa unaoenezwa na vinzi vidogo vyeusi vizaliwavyo katika maji yaendayo kasi. Miaka mingi hakushika kitabu. Tulipompa kipande cha katoni, alipapasa kidogo, akasema: «Hii ni k.» Tangu siku hiyo yeye ndiye mwalimu. Mtoto humwekea herufi mkononi, naye huongoza kidole cha mjukuu wake. Jirani mmoja, mama ambaye hakuwahi kukaa shuleni, huja na mwanawe. Wote wawili hupapasa pamoja, na mama sasa aliandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe.

Hatusemi kwamba katoni na mchanga vyachukua nafasi ya shule, wala kwamba vyaiondolea serikali wajibu wake. Lakini katika nchi yetu vijiji vimehama zaidi ya mara moja kwa ajili ya mapigano, na familia inapokimbia, darasa haliwezi kubebwa. Herufi ishirini na chache huingia katika mfuko mmoja wa kitambaa. Zikilowa na kuharibika, unga na mchanga vipo popote. Na kile ambacho vidole vimekwisha kujifunza hakuna awezaye kukinyang'anya.

Basi twawaalika, ndugu, mjaribu juma hili. Chagueni herufi tatu tu. Muweke mtoto karibu nanyi, na wazee wasiachwe nje ya kazi hii. Tumekabidhiwa watoto hawa kabla mwalimu hajawapokea.