Kutoka Ngoingwa Hata Mombasa kwa Ndege

Mtu wa Thika au Ruiru akiuliza Mombasa ni mbali kiasi gani kwa ndege, hujibiwa, "Saa moja tu." Jibu hilo ni la kweli, lakini limekwisha kuwaponza wengi, maana saa hiyo huhesabiwa toka kiwanja hata kiwanja, wala si toka mlango wa nyumba.

Kutoka Kiwanja cha Jomo Kenyatta, kilichofunguliwa mwaka 1958 kwa jina la Embakasi, hata Kiwanja cha Moi, Mombasa, ni kilomita 420 hivi kwa mstari ulionyoka. Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa ingeimaliza safari hiyo kwa nusu saa na dakika chache. Mbona basi ratiba husema saa moja? Saa ya ratiba huanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa, nayo huisha inapoegeshwa tena. Kutambaa chini na kungoja zamu ya kuruka kumo katika hesabu. Tena safari ni fupi mno: ndege haijamaliza kupanda vizuri, mara yaanza kuteremka. Angani hasa hukaa dakika 45 hivi.

Sasa tumtazame mtu wa Ngoingwa aliyepigiwa simu usiku kwamba ndugu yake Mwislamu amefariki Mombasa, na kwamba atazikwa kesho baada ya sala ya adhuhuri. Tuseme amepata nafasi katika ndege ya saa tatu asubuhi. Yampasa awe kiwanjani saa moja, kwa hiyo atoke nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Akiwa na gari, atashika njia ya mchepuko pale Ruiru, apite Ruai na Utawala bila kuuona mji wa Nairobi. Lakini akisafiri kwa matatu, hana budi kuingia mjini na kubadilisha gari, na huko ndiko saa zinakopotelea. Atatua saa nne, na hata apite Changamwe na Makupa kuingia kisiwani, ni saa tano. Saa moja imekuwa sita.

Hata hivyo kwa mtu huyo nauli haikupotea. Treni iliyoanza mwaka 2017, ambayo huondokea Syokimau, huchukua saa tano au sita hata kufika Miritini. Ile ya asubuhi ingemfikisha watu wakitoka makaburini. Lakini kwa kuwapeleka watoto kuogelea wakati wa likizo, mimi nisingemshauri mkulima kutoa fedha za ndege kwa ajili ya kuokoa saa chache.

Na kama mazishi yako upande wa Likoni, asiingie kisiwani kabisa kungoja kivuko. Amwambie dereva ashike barabara ya Dongo Kundu.