Boom likitoka: "if" au "when"?

Nimepotea kidogo, si mnajua tena kipindi cha test. Ila wiki hii kuna swali limenikaa kichwani, na limeletwa na jamaa wa mwaka wa kwanza wanaokuja chumbani kwetu kuomba wasaidiwe Kiingereza. Swali lenyewe: wapi unaandika "if" na wapi unaandika "when"?

Mnaweza kucheka, lakini chukua sentensi inayosemwa hapa chuo kila siku: "Boom likitoka nitakulipa." Haya, itie kwenye Kiingereza. Ukiandika "when", umeahidi: boom litatoka, kilichobaki ni siku tu. Ukiandika "if", unasema linaweza lisitoke kabisa. Anayedai na anayedaiwa hawataitafsiri sawa!

Chanzo ni hiyo -ki- yetu. Inabeba sharti na wakati kwa pamoja, na mara nyingi msikilizaji anajua mwenyewe ni ipi. "Jua likizama tuondoke": hakuna mwenye shaka kwamba jua litazama, hiyo ni "when". "Nikishinda bahati nasibu nitanunua gari": hiyo ni "if", tena kubwa. Siyo kwamba Kiswahili hakiwezi kutenganisha. Tukitaka tunasema "endapo" au "iwapo" kwa sharti, na "nitakapomaliza" kwa wakati.

Na hapo kwenye "nitakapomaliza" ndipo ulipo mtego wa pili. Ndani yake mna -taka- ya wakati ujao, basi mtu anaandika "when I will finish" akiona yuko sawa kabisa. Kiingereza hakitaki. Baada ya "when" hii, na "until", na "as soon as", na kwa kawaida hata "if", jambo la baadaye linavaa nguo za wakati uliopo: "when I finish". Hiyo "will" inakaa upande wa pili wa sentensi. Dawa yangu ni ndogo tu: anza na "nikimaliza", ambayo haina alama ya wakati ujao, ndipo uhamie kwenye Kiingereza. Kwa mambo ya siku zote, kama "barafu ikipata joto inayeyuka", chagua lolote kati ya mawili, maana haibadiliki sana. Na hatuko peke yetu, Wajerumani nao wana "wenn" yao inayofanya kazi zote mbili.

Sasa kwa nini limenikaa kichwani. Mwaka jana babu alilazwa. Mtoto wa baba mdogo amezaliwa na kukulia Uingereza, Kiswahili chake kinaishia kwenye "habari" na "asante". Shangazi akanipigia: mwandikie ndugu yako, mwambie babu akitoka hospitali tutasoma dua, naye aje. Nikashika simu niandike, nikakwama kwenye neno la kwanza. "When" ingemwambia mzee anatoka, panga safari yako taratibu. "If" ingemwambia panda ndege leo. Na madaktari hawakuwa wamesema hata moja kati ya hayo.

Nikampigia tena. "Shangazi, una maana atatoka, au endapo atatoka?"

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, mimi nimesema akitoka. Mungu akipenda."

Sikumlaumu. Ile -ki- ilikuwa inamsitiri. Ndani yake aliweza kuweka tumaini na hofu bila kuchagua, na hata hiyo "Mungu akipenda" ina -ki- ileile. Kiingereza kilinitaka nichague mimi kwa niaba yake, tena juu ya jambo ambalo hakuna aliyelijua. Mwisho sikuandika "if" wala "when". Niliandika hali ilivyo: babu bado yuko wodini, madaktari hawajasema lolote la kutoka, shangazi anaomba atoke tusome dua, na anataka kukuona. Basi. Aamue mwenyewe.

Alikuja wiki ileile. Akakaa na babu siku 4, mmoja anaongea Kiswahili, mwingine Kiingereza, wameshikana mikono. Siku ya 5 babu akafariki.

Kwa hiyo hawa wadogo zetu siwaambii tu kwamba "if" ni shaka na "when" ni uhakika, ingawa kwa kupasi mtihani hiyo inatosha. Nawaambia kabla hujachagua, jiulize unajua nini hasa. Unajua litatokea? Andika "when". Hujui? Andika "if". Na kama aliyekutuma mwenyewe hataki kusema, usimsemee. Andika kile unachokijua, msomaji apime.

Haya wadau, ngoja nikamalizie desa la watu kabla hawajalifuata. Nikipata nafasi nitaandika tena. Hiyo mkaitafsiri wenyewe!