Ua Lililolala Kwenye Friji

Friji yetu hapa Doha ina droo mbili za chini. Moja ni ya mboga. Ya pili, kuanzia mwisho wa Novemba hadi mwisho wa Februari, mwaka juzi ilikuwa ya ua langu, na nusura ua hilo litukosanishe na baba watoto.

Chanzo ni mdogo wangu anayeishi Minnesota, Marekani. Juni moja alinitumia picha ya ua jeupe lenye kifuko cha waridi mbele, mfano wa ncha ya sapatu. Ni okidi, jamaa ya vanila tunayoijua Zanzibar na Uganda. Kwao ndilo ua rasmi la jimbo tangu 1902, na tangu 1925 sheria inakataza kulichuma. "Dada, linalala chini ya theluji, kisha linaamka," aliniambia. Mimi mtoto wa Lushoto, niliyekulia kwenye ukungu wa Julai na blanketi mbili, nikalitamani.

Nikaanza kusoma. Okidi za kundi hili, Cypripedium, nyingi ni za nchi zenye majira ya baridi. Majani hukauka, shina lililo chini ya udongo hulala, na lisipopata miezi kama mitatu ya baridi kali, kati ya nyuzi 0 na 5 hivi, halichipui vizuri. Doha usiku wa Januari hushuka hadi nyuzi 13 au 14 tu. Baridi inayotosha hapa iko ndani ya friji.

Nikaagiza shina moja la aina chotara kutoka kitalu cha Ulaya. Lilioteshwa kitaluni, halikung'olewa porini, nalo lilikuja na cheti cha afya ya mmea na kibali cha CITES, maana okidi hazivuki mipaka bila karatasi. Karatasi zilikuwa ghali kuliko ua lenyewe. Mume wangu sikumwambia bei. Mwezi uleule mama alikuwa ameniomba hela ya mabati ya jiko lake, nikamjibu asubiri mwezi ujao.

Shina nililifunga kwa kuvumwani chenye unyevu kidogo, nikalitia kwenye mfuko wa plastiki wenye matundu, mbali na ndizi na matofaa, kwa sababu hewa inayotoka kwenye matunda yanayoiva huweza kuharibu machipukizi. Wiki ya tatu baba watoto akaingia jikoni kupika chai, akatoa mfuko. "Mama, tangawizi hii imeota mizizi kama buibui, naitupa." Nikapiga kelele. Ndipo maswali yakaanza, na bei ikajulikana.

Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mama yako anasubiri mabati, wewe unalaza ua kwenye friji?" Sikuwa na jibu. Siku ya pili tulituma hela ya mabati, na sehemu kubwa ilikuwa ya ovataimu yake.

Machi nikapanda. Udongo wa kawaida haufai; nilitumia changarawe nyepesi inayopitisha maji haraka. Chungu kilikuwa cha udongo usiopakwa rangi, nacho nikakiweka ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga mbichi. Ni akili ileile ya mtungi wa maji: maji yakikauka ukutani, ndani kunapoa. Maji ya kumwagilia nilikinga kwenye bomba la eisi, kwa kuwa hayana chumvi. Tena mnaoishi Ghuba mnajua, kiangazi tangi la juu ya paa huchemka hata bomba la maji baridi likakuunguza mkono. Mmea huu mizizi yake hupenda ubaridi.

Aprili ulichanua ua moja. Binti yangu mwenye miaka tisa alilichungulia kila asubuhi kabla ya basi la shule. Lilikaa wiki mbili.

Juni mama akaugua. Shule zilipofunga nikampeleka binti yangu Lushoto, tukakaa wiki saba. Baba watoto alibaki na kazi, na ua. Nilimwachia maagizo ukurasa mzima: eisi ya chumba isizimwe, mchanga usikauke, majani yasipigwe na jua.

Tulimuuguza mama huku tukipika katika jiko lenye mabati mapya. Binti yangu alizoea kuvaa sweta darasani na madukani, akitoka nje analivua. Lushoto alivaa sweta akiwa shambani, akashangaa baridi inayotoka mlimani bila mashine. Mama alipopata nafuu nikamwonyesha picha ya ua. Alicheka mpaka akakohoa. "Mnalilaza kwenye friji? Si mngelileta huku!"

Tuliporudi mwisho wa Agosti, chungu kilikuwa kitupu. Eisi ya jengo iliharibika siku mbili mwanzoni mwa mwezi, kipindi ambacho hewa ya Doha imejaa unyevu na ujanja wa mtungi haufanyi kazi, kwani maji hayakauki. Shina likaoza. Baba watoto alilijua hilo wiki tatu nzima, na kila usiku nilipomuuliza kwa simu alijibu, "Lipo, tuambie hali ya mama." Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

Wenzangu mnaopenda maua, mmea wa baridi unaweza kuishi nchi ya joto, lakini unataka mtu asiyesafiri. Kabla ya kuununua, jiulize nani atabaki nao siku simu ya nyumbani itakapokuja. Mimi siku hizi ninafuga okidi ya ukoo huohuo, Paphiopedilum yenye majani ya madoadoa, asili yake Asia ya Kusini-Mashariki. Nayo ina kifuko cha sapatu, haihitaji friji, inatosheka na kivuli cha dirisha na joto la nyumba ya kawaida, na ua lake moja hukaa hata miezi miwili.

Droo imerudi kuwa ya tangawizi. Lakini kila akipika chai, baba watoto huinua kipande juu na kuniuliza: "Hii nikwangue, au nayo imelala?"