Kuomba Radhi ni Hatua ya Tisa

Enzi za unga wa kulevya, radhi niliiomba kila siku. Nilimwomba mama, nikamwomba shangazi, nikalia, nikaapa, na kabla ya Magharibi niko maskani na kete mkononi. Watu wakasema sina imani. Si kweli. Nilikuwa naswali na kuomba dua kwa dhati. Lakini arosto ya kukosa unga ikija, mifupa inauma, makamasi yanatiririka, tumbo linakata, mwili haunisikilizi.

Nilipopelekwa nyumba ya upataji nafuu hapa Unguja, nilikuta Hatua Kumi na Mbili zimebandikwa ukutani. Zilianzia Marekani kwa walevi wa pombe, katika chama kilichoasisiwa mwaka 1935 na Bill Wilson na daktari Bob Smith, zikachapishwa kitabuni mwaka 1939. Nikazidhania dini ya wenyewe. Msimamizi wangu, naye aliyepitia unga, akanambia: "Hapo pameandikwa Mungu kama unavyomfahamu wewe. Wako si unamjua?" Basi swala zangu tano nikaendelea nazo, na mikutano nikahudhuria.

Kilichonigusa ni mpangilio. Mwanzo unakiri kwamba unga umekushinda. Mbele huko unaandika daftari la maisha yako yote, kisha unamsomea mtu unayemwamini, hufichi kitu. Hatua ya nane unaorodhesha uliowadhuru. Ndipo, katika ya tisa, unawaendea kurekebisha, isipokuwa pale ambapo kwenda kwako kutawaumiza. Kuna jina kwenye orodha yangu ambalo msimamizi alinizuia nisilifuate, na alikuwa na haki: yule amani yake ni kutoniona.

Kwa Mwislamu hili si geni. Haki ya mja haifutwi kwa toba pekee. Umrudishie mwenyewe, au akusamehe.

Nilikuwa nimeiba cherehani ya shangazi, nikaiuza. Nilipopiga hodi alitoka akasimama katikati ya mlango.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umefuata nini tena?"

"Nimekuja kulipa cherehani."

Nikampa pesa nilizopata kwa kubeba zege. Akazihesabu mara mbili.

"Hazifiki."

"Najua. Mwezi ujao nitaleta nyengine."

Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Mwezi uliofuata nilipeleka.

Sasa na mimi ni msimamizi. Juzi kaletwa kijana na dada yake, arosto haijamtoka vizuri, anataka ruhusa aende nyumbani akamwangukie mama yake miguuni. Nimemwambia asubiri. Mama huyo radhi za namna hiyo ameshazisikia nyingi. Kwanza tukae, tuanze na ya kwanza.