Pemba Ipi?

Kuna maneno niliyoyasema Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019 ambayo mpaka leo yananisumbua. Nilimwambia shangazi yangu kwenye simu, "Usiwe na wasiwasi, si Pemba yetu."

Ngoja nianze nyuma kidogo.

Wakati ule nilikuwa napanga chumba Magomeni, Dar es Salaam, katika nyumba ya vyumba sita na ua mmoja. Chumba cha mbele alikaa mama mmoja wa Kingazija, mtu mzima, ambaye sote tulimwita Koko, yaani bibi kwa lugha ya kwao. Asubuhi alikuwa akikaanga vitumbua, na mchana akikaa barazani na simu yake, akisikiliza sauti alizotumiwa na mwanawe wa mwisho aliyekuwa Moroni. Mimi kwetu ni Wete, kisiwani Pemba. Kwa hiyo tulikuwa watu wawili wa visiwani tuliokutana kwenye ua wa Magomeni, na hilo lilitosha kutufanya ndugu. Alikuwa akiniwekea vitumbua viwili kila siku, hata nikichelewa kuamka.

Masika ya mwaka ule nilikuwa na ugonjwa mpya wa kufuatilia hali ya hewa kwenye simu. Katikati ya Machi kimbunga Idai kilikuwa kimeipiga Beira na kuua mamia ya watu, na mimi nilikuwa nimekifuata kwenye ramani siku zote zile kama watu wanavyofuata ligi. Idai kilipokwisha sikuacha. Kila usiku kabla ya kulala nilifungua ramani ya upepo, nikatazama ile mistari inavyotiririka juu ya bahari. Bando lilikuwa likiisha kabla ya wiki kwisha.

Ndivyo nilivyokiona Kenneth kikizaliwa. Mwanzoni lilikuwa wingu tu, kaskazini mwa Madagaska, ambalo ofisi ya hali ya hewa ya Wafaransa kisiwani Réunion ilikuwa ikiliandikia taarifa. Wao ndio wenye jukumu la kufuatilia vimbunga vyote vya upande huu wa Bahari ya Hindi. Jumanne tarehe 23 likapewa jina. Jumatano jioni, katikati ya lile wingu, pakatokea tundu. Jicho. Kwa siku moja dhoruba ya kawaida ilikuwa imegeuka kimbunga kikali.

Nilikuwa nimesoma vya kutosha kuelewa kwa nini. Kimbunga ni mtambo unaoendeshwa na joto la maji. Bahari ikiwa na nyuzi joto 26 au 27 kwenda juu, mvuke unapanda, unageuka mawingu, unaachia joto, joto linavuta hewa nyingine chini, na mzunguko unaendelea. Pepo za juu zisipouvuruga, na maji yakawa ya moto kwelikweli kama yalivyokuwa wiki ile, unaweza kulala dhoruba ikiwa dhaifu na kuamka ikiwa ya kutisha. Kisiwa hakiizuii. Nchi kavu hukiua kimbunga kwa kukikatia maji, lakini kisiwa ni kidogo mno. Kimbunga kinapita tu, maji bado yamekizunguka pande zote, kinaendelea kushiba.

Haya yote nilimweleza Koko barazani, nikionyesha kwa kidole, na nakiri kwamba nilikuwa nafurahia kuyaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Sasa hivi kipo wapi?"

"Kinakuja juu ya Ngazija, Koko. Kinapita kaskazini."

"Karibu?"

"Karibu sana."

Usiku ule wa Jumatano alikuja kukaa mlangoni kwangu kwa sababu simu yake ilikuwa ndogo na ramani haifunguki. Mvua ilikuwa ikipiga bati la jikoni. Alikuwa amemwandikia mwanawe, na ujumbe ukawa na tiki moja. Kila baada ya dakika chache aliinua simu, akaitazama ile tiki, akairudisha mapajani. Mimi nilikuwa naangalia kitu kingine kabisa.

Nilikuwa naangalia mwelekeo. Ramani za vimbunga zina kile kipande kinachotanuka mbele kama mwanga wa tochi: chembamba pale kimbunga kilipo, kipana kadiri siku zinavyokwenda mbele, kwa sababu watabiri hawana uhakika kitaishia wapi. Mwanga ule ulikuwa umeangukia pwani ya Msumbiji, lakini ukingo wake wa juu ulikuwa ukigusa kwetu. TMA walikuwa wametoa tahadhari kwa mikoa ya kusini, na Mtwara watu walikuwa wakiambiwa wajiandae. Kwa hiyo kila taarifa mpya ilipotoka nilitazama jambo moja tu: mstari umepanda au umeshuka? Karibu na saa sita ukawa umeshuka. Nikapiga picha ya skrini, nikaituma kwenye kundi la familia nikaandika, "Kinashuka kusini. Tumepona." Mikono ya dua ikajaa chini yake.

Koko alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Wakati naandika "tumepona," kimbunga kilikuwa juu ya kisiwa chake.

Sikuliona hilo. Namaanisha halikunipitia akilini hata kidogo.

Asubuhi tiki zikawa mbili. Mwanawe alikuwa mzima; paa la jikoni limekwenda, migomba yote imelala, umeme hakuna. Koko akalia kidogo, akakaanga vitumbua kama kawaida. Wengine Komoro hawakuwa na bahati ile. Kulikuwa na waliokufa, na maelfu ya watu wakapoteza nyumba na mashamba.

Mchana ule wa Alhamisi ndipo shangazi alipopiga kutoka Wete. Mtwara shughuli zilikuwa zimesimama, redio inarudia tahadhari, na yeye alikuwa amesikia jina ambalo hakutarajia kulisikia.

"Mwanangu, wasema kimbunga chaja Pemba. Hebu niambie, nitoke nyumbani?"

"Hapana shangazi. Usiwe na wasiwasi, si Pemba yetu. Ni Pemba ya Msumbiji."

"Pemba nyengine?"

"Nyingine, shangazi. Mji tu, uko huko kusini."

"Alhamdulillahi."

Tukacheka. Aliniuliza habari za kazi, akaniambia nisisahau kumtumia dawa yake ya presha, tukaagana. Nilipogeuka Koko alikuwa akinitazama, kijiko cha upawa mkononi.

"Na jana usiku," akasema, "mlisema hivyo hivyo juu yetu?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nilifungua mdomo nimwambie hapana, na nikakumbuka ile picha ya skrini. Nikanyamaza. Naye akageuza vitumbua vyake.

Jioni ile, kati ya Magharibi na Isha, Kenneth kiliingia Cabo Delgado, kaskazini mwa mji wa Pemba, pepo zake zikiwa zimefikia kilomita 215 kwa saa siku ile. Kilikuwa miongoni mwa vimbunga vikali zaidi kuwahi kurekodiwa vikiingia nchi kavu ya Msumbiji, na ilikuwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za nchi ile kupigwa na vimbunga viwili vikubwa namna hiyo katika msimu mmoja. Kabla ya kufika bara kilipita juu ya visiwa vya Quirimbas. Kisiwa cha Ibo, taarifa za watu wa misaada zilisema, karibu asilimia 90 ya nyumba zilibomoka. Zaidi ya watu 40 walikufa nchini Msumbiji. Na wengi katika mkoa ule walikuwa tayari wanaishi na hofu ya vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwaka 2017.

Mimi najiita mpenzi wa vitabu. Rafu yangu ina Kilwa, ina Lamu, ina Mombasa, ina Zanzibar ya kila aina. Usiku ule nilitafuta Ibo na sikupata hata ukurasa mmoja. Nikaanza kusoma nilichoweza kupata mtandaoni. Nikajua kwamba watu wa pwani ile wanaongea Kimwani, lugha ambayo ukiisikiliza kwa utulivu unaokota neno hapa na neno pale mpaka unashtuka umeelewa. Nikajua kwamba majahazi yalikuwa yakipita huko karne nyingi, yakibeba dini ile ile, mavazi yale yale, na watumwa pia. Nikaona picha za nyumba za mawe zenye baraza mbele, watu wameketi. Ningeambiwa ni Wete ya zamani ningekubali. Niliposema "mji tu, uko huko kusini," hapa ndipo nilipokuwa nimepaita hivyo.

Kisha nikakumbuka jambo jingine, ambalo kila mtoto wa Pemba hulisikia kwa namna fulani. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Kiling'oa mikarafuu na minazi, kikazamisha vyombo bandarini. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Bei ya karafuu ikapanda, watu wakapanda mikarafuu zaidi Pemba, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kikawa shamba kuu la karafuu. Nyumbani tulisimuliwa habari hii kama baraka. Karafuu zilizonisomesha zina mizizi katika siku ambayo upepo ulikwenda kwa wengine, na sisi huko nyuma, bila shaka, tulisema Alhamdulillahi.

Sisemi ni vibaya kushukuru ukinusurika. Shangazi yangu ni mzee, nyumba yake ni ya udongo na paa la bati, na mpaka leo nikiona wingu linazunguka baharini nitatafuta kwanza Wete iko wapi. Moyo hauwezi kufanya vingine. Ninachosema ni kwamba kimbunga hakipotei kwa dua. Dua ya "kipite mbali" ina anwani, na huko mbali kuna mtu ameshika simu anaangalia tiki moja.

Siku chache baadaye nilimwomba Koko radhi, kwa maneno ya kuzungukazunguka. Akanikata. "Mwanangu, na mimi niliomba kishuke," akasema. "Niliomba kitoke kwetu tu. Sikuuliza kinakwenda kwa nani." Akaniwekea vitumbua vyangu viwili.

Desemba 2024 nilikuwa nimeshahama Magomeni. Kimbunga Chido kilikuwa kimekuja kutoka mashariki, kikapita visiwa vidogo kimoja kimoja, na tarehe 14 kikaiangukia Mayotte, juu ya vile vilima vya nyumba za mabati ambamo Wakomoro wengi wasio na karatasi wanaishi. Nilimpigia Koko kabla sijatazama ramani. Ana binamu huko. Simu ya binamu ilikuwa haipatikani, na safari hii tulikaa kimya pamoja, yeye kwake na mimi kwangu.

Siku iliyofuata Chido kikaingia Msumbiji, kusini kidogo mwa Pemba. Shangazi akapiga.

"Pemba ipi?" akauliza.

"Ya kusini, shangazi."

"Ile ile ya mwaka ule?"

"Ile ile."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku nyuma yake.

"Maskini," akasema. "Tena?"