Haya Isiyo Mahali Pake

Ninalo kosa nililolificha kwa muda mrefu, nami nalieleza leo ili lisirudiwe katika nyumba nyingine.

Usiku mmoja wa Ramadhani ya mwaka 2018, baada ya tarawehe, shangazi yangu alibanwa na pumzi ghorofani, katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa. Uzito wake ulikuwa kilo 170. Nilipopiga simu kuita gari la wagonjwa, niliulizwa uzito wa mgonjwa. Shangazi alikuwa akinisikia. Nikaona haya, nikajibu, "Ni mnene kidogo tu."

Wakaja wahudumu wawili na machela ya kawaida, gari wameliacha barabarani kwa kuwa vichochoro vyetu ni vyembamba. Machela ile haikumtosha kwa upana, wala haikuundwa kubeba uzito ule. Ikawabidi wawaite wenzao waje na vyombo vingine. Dakika arubaini zikapita, nami nikiisikia pumzi yake ikikoroma.

Vijana wa jirani, kwa wema wao, walitaka kumlaza chali katika blanketi wamteremshe. Mhudumu akawazuia. Alitueleza kuwa mtu mzito akilazwa chali, tumbo huusukuma juu msuli ulio chini ya mapafu, na pumzi huzidi kubana. Wakamketisha, wakamwegemeza kwa mito na kumpa oksijeni. Wakakataza pia asivutwe kwa mikono, maana bega huweza kuteguka na ngozi ikachubuka.

Wenzao walipofika, walimfunga kwa mikanda katika kiti imara cha kubebea wagonjwa wazito. Wanawake wakamsitiri kwa khanga. Mmoja peke yake ndiye aliyetoa amri, na wengine wote wakainua kwa pamoja, magoti yamekunjwa na migongo imenyooka. Wenye nguvu zaidi walikaa upande wa chini wa ngazi, kwani huko ndiko mzigo unakoelemea. Kichochoroni machela pana ilikuwa ikingoja.

Alhamdulillahi, alipona. Siku aliyorudi nyumbani aliniita akaniambia, "Mwanangu, uzito wangu naujua mimi kabla yako. Ungaliutaja."

Sikuwa na la kujibu. Nilidhani namsitiri, kumbe nilikuwa nikijisitiri mwenyewe. Shirika la Afya Duniani huuhesabu unene wa kupindukia kuwa ni maradhi ya kudumu, na mgonjwa haonewi haya kwa maradhi yake.

Basi, enyi vijana, ikiwa nyumbani mwenu yumo mtu mzito, ujueni uzito wake kabla ya siku ya dhiki. Pimeni upana wa mlango na ngazi. Na mkiulizwa katika simu, semeni kilo zake kamili, na ghorofa aliyopo, na kama gari hufika mlangoni. Sitara ya mgonjwa ni kumbeba kwa salama na heshima, wala si kumficha.